Mwenzako Akiwa Ng'ambo ya Wavu

Odessa Pruitt wa Macon na Halina Wojcik wa Toledo walikuwa katika mwaka wao wa pili wa kuzunguka pamoja wakicheza tenisi, mashindano baada ya mashindano, ndani ya gari chakavu la Halina ambalo kioo chake kimoja cha nyuma kilishikiliwa na selotepu. Walilala chumba kimoja, walifua pamoja, na kwenye mechi za wawili wawili walisimama upande mmoja wa wavu. Wasiowajua waliwadhania ndugu wa kunyonya titi moja, ingawa Odessa alikuwa mweusi, mrefu kama mlingoti, na Halina mfupi, mwenye nywele nyekundu na madoadoa mpaka masikioni.

Majira yale ya kuchipua wote wawili walikuwa wanausukuma mlango mmoja: kuingia katika wachezaji mia moja bora wa dunia. Odessa alikuwa wa mia na ishirini na kitu, Halina akimpumulia kisogoni. Ndipo robo fainali ya Charleston ikawakutanisha.

Asubuhi ya mechi walipasha misuli pamoja kama kawaida, maana hapakuwa na mwingine wa kupasha naye.

"Leo nitakukimbiza mpaka umwite mama yako," Halina alisema huku akitafuna ndizi.

"Kwa hiyo miguu ya bata?"

"Bata huyuhuyu ndiye aliyekufunga Januari."

"Januari nilikuwa na homa, bibie."

"Homa ya kuniona mimi."

Walicheka, wakaingia uwanjani, na kicheko kikaishia hapo. Walijuana mno. Kila Odessa alipoinua raketi, Halina alikwisha kufika mpira unakokwenda. Kila Halina alipojaribu kumdanganya kwa mpira mfupi, Odessa alikuwa ameuona tangu mkono ulipolegea. Wakagawana seti mbili za kwanza. Katika ya tatu, Odessa akiwa amebakiza pointi moja tu ashinde, Halina aliusukuma mpira mrefu hadi kona ya mbali. Ukatua pembeni mwa mstari. Odessa akainua kidole: nje.

Uwanja wa Charleston ni wa udongo wa kijani, unaoshika alama ya kila mpira unaotua. Mwamuzi akashuka kwenye kiti chake kuja kutazama, na Odessa akamwonyesha.

"Siyo hiyo!" Halina alipiga kelele kutoka kwenye wavu. "Hiyo ya gemu iliyopita! Yangu ile pale, imegusa mstari!"

Mwamuzi aliinama, akatazama, akanyoosha mkono. Nje. Mechi ikaisha.

Halina alimpa ncha za vidole tu. "Hongera," alisema, kwa sauti ya mtu anayemfukuza mchuuzi mlangoni.

Odessa alikuwa ameuona ule mpira kwa macho yake ukitua nje. Lakini alipomwona Halina anavyofunga begi bila kugeuka, alianza kutilia shaka hata macho yenyewe. Ulikuwa ushindi mkubwa kuliko wote aliowahi kuupata, na ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alipompigia simu mama yake Macon, mama alishangilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kisha akatulia.

"Na mwenzio?"

"Hasemi nami."

"Kanuna?"

"Kanuna, mama. Kanigeuzia mgongo."

"Mwache anune. Aliyenuna hajaondoka."

Kweli hakuondoka. Juma lililofuata walikuwa wamejiandikisha kucheza pamoja Charlottesville, ingawa gari lilikuwa lake na angeweza kwenda zake. Asubuhi ya nusu fainali Halina alitamka sentensi yake ya kwanza tangu jana: "Ningekwisha ondoka, ila buti la gari langu limejaa takataka zako."

Mpinzani wa Odessa siku hiyo alikuwa msichana wa California, mdogo kwa umri, lakini mkono wake ulikuwa wa chuma. Mpira ulipomtoka ulikuwa unalia. Odessa alipoteza seti ya kwanza kabla jasho halijamtoka sawasawa, na ya pili ikaanza kufuata njia hiyohiyo. Juu kabisa kwenye viti, peke yake, Halina alikaa na miwani myeusi, mikono kaifumbata kifuani, kama mtu aliyelazimishwa kuhudhuria harusi ya adui.

Odessa alikosa mpira mwingine. Akakosa tena.

"Rudi nyuma, we mlingoti!" sauti ikapasuka kutoka juu. "Umesimama hapo unasubiri basi?"

Watu wakaangua kicheko. Odessa hakuinua macho, lakini alirudi nyuma. Na kweli, akiwa kule nyuma, ile mipira iliyokuwa ikimzidi nguvu ikaanza kumfikia imechoka. Akarudisha mmoja, wa pili, akapata gemu.

"Mpe ya juu! Hapendi ya juu, huoni?"

Safari hii mpira ulikuwa bado unachezwa. Msichana wa California akalalamika, na mwamuzi, yuleyule wa jana, akaomba kimya. Halina akasimama na kuvua miwani.

"Samahani, mheshimiwa. Ila mtu aliyesahau macho nyumbani jana asinifundishe adabu leo."

Viti vyote vikalipuka kwa vicheko na miluzi. Halina akaonywa kwamba akirudia atatolewa nje, akakaa, akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Odessa alikuwa ameuficha uso ndani ya taulo, mabega yakitikisika. Hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Mwenyewe pia hakujua.

Alichukua seti ya pili. Ya tatu aliipigania mpaka mwisho, akaipoteza kwa tofauti ndogo tu, akatoka uwanjani akiwa mwepesi kuliko alivyotoka jana na ushindi wake.

Barabara ya kwenda Charlottesville, kule Virginia, ni ndefu. Walisimama kwa mzee mmoja wa kando ya njia, wakanunua karanga za kuchemsha, wakazitafuna huku maganda yakilundikana katikati yao.

"Ulikuwa ndani," Halina alisema hatimaye, macho barabarani.

"Ulikuwa nje."

"Ndani."

"Nje, Halina, nje! Nje kama ng'ombe wa jirani!"

"Haya. Tuseme ulikuwa nje." Akachukua karanga nyingine. "Unajua kilichoniuma? Hukunitazama. Mimi napiga kelele pale kwenye wavu, wewe unamtazama mwamuzi, kana kwamba yeye ndiye unayekula naye kila siku."

Odessa aliviringisha ganda la karanga kwenye vidole. "Niliogopa. Ningekutazama, ningekupa ile pointi."

"Ungenipa?"

"Ningekupa. Halafu ningekuchukia mpaka Virginia."

Halina alimkodolea macho mpaka Odessa akamkumbusha kwamba anaendesha gari. Kisha wote wawili wakacheka, wakacheka mpaka ikabidi wasimame kando ya njia, Halina akipiga usukani kwa ngumi.

Charlottesville walitolewa raundi ya kwanza na wasichana wawili ambao hata majina yao hawakuyashika. Mama yake Odessa alisema ni kwa sababu ya porojo uwanjani, na hakukosea. Jumatatu hiyo, orodha mpya ya dunia ilipotoka, Odessa alikuwa wa mia na tisa. Halina alibaki palepale alipokuwa, akamnunulia keki na kula nusu yake kabla ya kuifikisha chumbani.

Agosti wakaenda New York kuwania nafasi katika mashindano makubwa. Odessa alifungwa raundi ya pili. Halina, aliyekuwa nyuma yake kwenye orodha, alishinda mechi zake zote tatu, akaingia. Pointi ya mwisho ilipoanguka, Odessa aliruka kizuizi, akazuiwa na mlinzi, akamkumbatia mlinzi.

Baadaye, kwenye benchi nje ya chumba cha kubadilishia nguo, Halina alimpigia mama yake Toledo, akashindwa kuongea. Akamsukumia Odessa simu.

"Mama, ni mimi, Odessa. Ndiyo, ameshinda. Hapana, hajaumia, analia tu. Mimi? Mimi nilitolewa juzi, mama."

Akasikiliza, akatabasamu, akafunika simu kwa kiganja.

"Anauliza kama umekula."

"Mwambie sijala," Halina alisema, akijifuta pua kwa mkono wa fulana ya Odessa. "Mwambie hatujala wote wawili."