Komeo la Bafuni

Mume wangu ni seremala, na mtaani wanamwita Komeo. Jina amejitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Kila mteja anayekanyaga karakana yake lazima asikie habari za mlango wetu wa bafuni: mbao ngumu, komeo la chuma, hata tembo akiusukuma atachoka aende zake. Mimi nilikuwa namuuliza, jamani, bafuni kwetu kuna nini cha kuibwa, sabuni?

Basi akashikwa na homa. Daktari akampima, akasema ni virusi, hakuna sindano ya kuviua. Anywe maji kwa wingi, apumzike, ameze dawa ya kushusha joto. Mama yangu, aliyekuja kunisaidia kumuuguza, akauliza kuhusu kuoga, maana yeye tangu utotoni aliambiwa mgonjwa wa homa haguswi na maji. Daktari akacheka.

"Aoge tu, mama. Maji ya uvuguvugu, si ya baridi, si ya moto. Akae kwenye kigoda, asikawie, asijifungie, na mtu awe karibu. Homa inaleta kizunguzungu."

Komeo akaitikia kila neno kwa kichwa, mpole kama mtoto wa chekechea. Nilipaswa kushtuka hapo hapo.

Tatizo lilikuwa mama. Mume wangu anamheshimu mkwe wake kupita kiasi. Mama akiingia sebuleni, yeye anafunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Sasa aoge mlango ukiwa haujafungwa, na mama mkwe yuko koridoni? Bora afe, alisema, na wala hakuwa anatania.

Asubuhi nikamwandalia maji ya uvuguvugu, nikaweka kigoda, nikamwambia mlango aurudishie tu. "Sawa, mke wangu." Kisha nikasikia komeo, kacha! Halafu bomba likafunguliwa. Bwana mkubwa alikuwa anajaza ndoo yake ya maji ya baridi, eti moto unazimwa kwa maji.

"We mwanaume, fungua!"

"Naoga!" Meno yalikuwa yanagongana mpaka nayasikia.

Kikafuata kishindo. Ndoo ikabiringika.

"Umeanguka?"

"Nimekaa," akasema, sauti ikitokea sakafuni.

"Basi fungua."

"Mama yuko wapi?"

Mama alikuwa ubavuni mwangu. Nikaupiga mlango bega, nikaupiga tena. Lo! Mume wangu hakuwa mwongo, ule ulikuwa mlango. Nikakimbilia mfuko wake wa kazi, nikatoa bisibisi, maana bawaba zilikuwa upande wetu. Akasikia chuma kinakwaruza.

"Usiniharibie mlango!" Maneno yalikuwa yanamtoka kwa kuburuta. "Na mama asiingie. Nakuomba. Asinione."

"Baba," mama akamwambia kwa upole, "nimevua kitambaa cha kichwani, najifunga nacho machoni. Sitakuona." Na kweli akajifunga, fundo la nguvu kisogoni.

Hakujibu. Nikamwita, kimya. Nikamtukana, nikautukana na mlango wake, kimya. Bisibisi ikawa inaniteleza. Niliogopa sana. Sikutaka kuwa mjane kwa sababu ya adabu.

Mlango ulipong'oka ulituelemea wote wawili. Alikuwa amelala ubavu kwenye maji, midomo imebadilika rangi, mzito kama gogo. Mama akakishusha kitambaa shingoni bila hata kunitazama, akamshika kwapani, mimi miguu, tukambeba mpaka kitandani, tukamkausha, tukamfunika. Alipoanza kupepesa macho, mama alikuwa ameshakirudisha kitambaa machoni, anapapasa ukuta kama anatafuta njia. Daktari alikuja, akamkagua, akasema ana bahati hakujipasua kichwa.

Alipopona, Komeo akabadilisha hadithi. Sasa wateja wakawa wanasikia jinsi mama mkwe alivyombeba akiwa amejifunga macho, bila kujikwaa hata kidogo. "Heshima ya namna hiyo mtaipata wapi siku hizi?" Mimi nikawa naangalia pembeni.

Mlango ulikuwa bado umeegemea ukuta wa koridoni, na bafuni tumetundika pazia, wakati homa ilipomhamia mama. Alipotaka kuoga, Komeo ndiye aliyepasha maji, akayapima kwa kiwiko, akaweka kigoda. Kisha akaweka kiti koridoni, akaketi, mgongo kwenye pazia, macho ameyafunga kwa kitambaa kile kile. Mimi nilikuwa jikoni, nawasikia.

"Mama, upo?"

"Nipo, baba."

"Upo?"

"Nipo, hebu niache nioge!"

"Upo?"

Kimya. Nikatupa mwiko, nikakimbia. Kiti kilikuwa kitupu, pazia limeng'olewa, na kitambaa kiko sakafuni, fundo lake halijafunguliwa. Ndani, Komeo alikuwa amepiga magoti kwenye maji, amemdaka mama kabla hajaanguka kutoka kwenye kigoda. Shati lake alikuwa amelivua, amemfunika nalo.

Jioni, mama alipopata nafuu, Komeo akaja kusimama mlangoni pa chumba, vifungo mpaka shingoni, anaangalia sakafu.

"Mama, naapa, sikuona kitu. Macho nilikuwa nimeyafunga."

Mama akamalizia maji yake, akamkabidhi kikombe.

"Najua, baba. Kama mimi siku ile."

Komeo akainua macho kutoka sakafuni. Akanitazama mimi, safari hii sikuangalia pembeni. Akabaki ameshika kile kikombe, masikio yamemwiva kwa aibu. Kisha akafungua kifungo cha juu cha shati, akavuta kiti, akakaa karibu na mkwe wake.