Kimashine Kifuani mwa Fundi Saa

Mume wangu ni fundi saa. Moyo ulipoanza kumsumbua, daktari alimfunga kifuani kimashine chenye nyaya, akae nacho mpaka kesho yake, kipime mapigo. "Ishi kama kawaida, babu."

Kama kawaida! Na binti yetu huyu, ingewezekana wapi? Tulipofika nyumbani tu, alikusanya bisibisi, vikoleo na lenzi ya jichoni, akavifungia kabatini.

"Baba, hivyo vigurudumu vya saa vitakumaliza. Kesho vyote nampa fundi mwingine."

Mzee hakubisha. Akakaa kwenye kochi, mikono mapajani, kama mgeni aliyekosa mwenyeji. Nikamtazama mpaka roho ikaniuma. Jioni binti alipokwenda sokoni, nikafungua kabati. Ni langu, na ufunguo wa pili ninao mimi. Nikamwekea mezani vifaa na saa ya jirani iliyogoma.

"Mke wangu, utaniponza."

"Nyamaza, fanya kazi."

Akainama. Mtu huyu akishika kigurudumu, hata umwambie nyumba inaungua, hasikii. Mabega yakashuka, uso ukalainika. Nami nikachambua maharage taratibu, yasigonge sinia. Binti aliporudi, vifaa vilikuwa vimesharudi kabatini.

Asubuhi daktari akafungua kompyuta. Binti kakunja mikono.

"Hapa mchana moyo unahangaika. Ulikuwa unafanya nini, babu?"

"Nilikuwa napumzishwa."

"Na hapa jioni? Umetulia, tena muda mrefu. Ulilala?"

Mzee akanitupia jicho. Nikajibu mimi: "Alikuwa anatengeneza saa."

"Mama!" Binti akaruka.

Daktari akasogeza kidole. "Katikati hapa ukashtuka kidogo."

"Ni huyu," mzee akaninyooshea kidole. "Alinigusa bega."

"Mpaka leo, babu?"

"Mpaka leo."

Daktari akacheka, kisha akamgeukia binti. "Vidonge atameza, na akichoka alale. Lakini kazi yake sioni kwa nini aachishwe."

Njiani binti alitutangulia. Karibu na nyumbani ndipo akamshika baba yake mkono. "Niliogopa, baba."

"Najua, mama."

Jioni alirudisha vifaa mezani yeye mwenyewe, akavuta kiti, akamulika kwa tochi ya simu. Mzee alikuwa anapachika kigurudumu kidogo kuliko punje ya mtama. Binti akakikodolea macho, midomo kaibana, hatikisiki.

"Pumua, mama," mzee akamwambia, bila kuinua kichwa.