Nati ya Kulia

Usiku wa jana niliota shokapu ya nyuma ya kushoto imekaa sebuleni kwetu, kwenye kiti cha wageni, imekunja nne, inavujisha mafuta juu ya kitambaa alichofuma mama kwa mkono wake.

Niliitambua palepale. Mchana nilikuwa nimeifungua mwenyewe uani, chini ya gari la marehemu kaka Kulwa, nikaitupa karibu na banda la kuku. Shokapu ni kile chuma kinachopokea mshindo wa barabara kabla haujamfikia abiria, na hii ilikuwa imeacha kupokea chochote siku nyingi. Mwenzake wa kulia ndiye aliyenishinda. Nati yake ya chini imeliwa na kutu. Niliimwagia mafuta, nikaigonga nyundo, nikaitukana, haikutikisika. Na Jumatatu lazima nimpeleke kaka Doto hospitali Mwanza, na kwa mgongo alio nao sasa, kila shimo linamtoa machozi.

Kulwa na Doto ni pacha. Mimi ni Shija, niliyezaliwa baada yao.

"Karibu chai," mama aliiambia shokapu.

"Ahsante mama, nisikuchoshe. Namsubiri mwenzangu tuondoke."

"Mwenzako hatoki," nikasema. "Ana kutu."

"Atatoka. Sisi tunatoka wawili. Sheria si yangu, naifuata tu."

Hilo nalijua, kila fundi analisema: ukibadilisha ya kushoto, badilisha na ya kulia. Lakini inapomaliza kusema hivyo, kiatu changu cha kushoto kinanitoka mguuni na kuvuka mlango, na cha kulia kinakifuata. Hereni moja ya mama inadondoka. Ya pili inajifungua yenyewe, taratibu, kama mtu anayeaga. Kisha vitu vyote vilivyobaki sebuleni vinageuka kuutazama mlango wa chumba cha Doto.

Nikaona hapa kazi ipo. "Baba alikufa na mama huyu hapa," nikasema. "Hiyo sheria yenu ina matundu."

"Mtazame vizuri," shokapu ikasema.

Namtazama mama. Amesimama na sinia la chai, anadunda. Anapanda na kushuka polepole kama gari lililobaki na shokapu moja, hatulii, na chai inamwagika miguuni pake.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu tumzike baba yako. Sikutaka kuwasumbua."

Nilitaka kumshika mabega atulie, lakini sebule ilikuwa imeshakuwa wodi, na daktari wa zamu alikuwa spana yangu namba kumi na tisa, amevaa koti jeupe. Alipima wagonjwa vile tunavyopima gari: anakubonyeza, anakuachia, anatazama. Alimbonyeza Doto. Doto alishuka, akabaki hukohuko.

"Huyu hapandi," daktari akasema. "Mwacheni apumzike huko chini."

"Mimi sipapendi huku chini," Doto akasema, kwa sauti ya kawaida tu.

"Hakuna anayepapenda," daktari akasema, akaja kunibonyeza mimi. Nilishuka, nikapanda, nikatulia.

"Wewe mzima. Wa upande gani?"

"Sina upande. Mimi ni Shija tu."

"Basi kushoto kuko wazi."

Mara niko chini ya gari, mahali pa ile shokapu ya kushoto, mikono imeshikilia bodi, miguu imekanyaga ekseli. Jeki inatweta pembeni yangu. "Mtu hakai chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake," inaniambia. "Ulifundishwa."

"Nilifundishwa."

"Basi pole," ikasema, ikashuka.

Gari linaondoka. Sijui nani anaendesha. Tunafika kwenye lile shimo kubwa la mbele ya mashine ya kusaga.

"Nani yumo?" shimo linauliza.

"Doto. Mgonjwa."

"Namfahamu. Mpe pole sana," linasema, kisha linanipiga. Mbavu zinalia. La pili linamsalimia mama kwanza, linamuuliza na hali ya mifugo, ndipo linanipiga. Nayapokea yote. Sikuwa na ujasiri wowote, sikuwa na pa kwenda tu.

Juu yangu nikasikia sauti ya Doto. "Shija, hii barabara imechongwa lini?"

"Wiki hii, kaka."

"Wameichonga vizuri."

Hapo nililia. Sikumbuki mara ya mwisho kaka yangu kusifu kitu.

Ile shokapu mbovu ya kushoto inatembea kandokando ya barabara, sambamba na sisi, bila haraka. "Unajichosha bure, dada," inasema, na kunionyesha upande wa kulia. Natazama. Nati yenye kutu inazunguka yenyewe. Inafunguka. Shokapu ya kulia imeshaamka, inapiga miayo, inamuuliza mwenzake kama njiani kuna jua kali.

Mikono yangu ina kazi, miguu yangu ina kazi.

"Tumia meno," mama anasema kutoka kiti cha nyuma. Sauti yake inapanda na kushuka.

"Nina pengo, mama."

"Tumia yaliyopo."

Shingo yangu ikarefuka mpaka kulia, jambo ambalo wakati ule halikunishangaza, nikaiuma ile nati kwa nguvu zangu zote. Haikusimama. Ilipunguza mwendo tu, ikaendelea kuzunguka mdomoni mwangu, ikinisaga. Nikajua itafunguka. Nilijua kabisa, kama unavyojua simu ya alfajiri imeleta habari gani kabla hujaipokea. Nikaamka.

Kulikuwa kumeshakucha. Mdomoni nilikuwa na ladha ya kutu. Nilitoka nje pekupeku. Gari lilikuwa juu ya magogo niliyoliegemezea jana, shokapu mpya ziko kwenye boksi lake, ile mbovu ya kushoto iko palepale karibu na banda, kuku ameilalia. Nikaingia chini ya gari.

Kwenye nati ya kulia kulikuwa na alama za meno, ya juu na ya chini. Katikati ya yale ya juu palikuwa na nafasi isiyo na alama, upana wa pengo langu.

Nikaigusa. Nati iliyokataa mafuta na nyundo ilizunguka kwa vidole viwili, laini, kama kifuniko cha chupa.

"Shija," Doto akaita kutoka dirishani kwake. "Ndiyo unaifungua?"

Shokapu mpya ilikuwa hatua chache tu kutoka mkononi mwangu, na njia ya Mwanza naijua shimo kwa shimo.

"Hapana, kaka," nikasema. "Naikaza."