Magimbi Nyuma ya Chumba cha Mama

Asubuhi ya ukaguzi, Deolinda Furtado aliteremka nyuma ya nyumba na kikombe cha kahawa mkononi, akaona kinamasini majani ambayo hakuyapanda.

Kinamasi kile kilikuwa cha kutengenezwa. Walipomjengea mama yake chumba ubavuni mwa nyumba, msingi ulimeza kipande cha ardhi oevu, na mji wao, nje kidogo ya Fall River, hauna mzaha na mambo hayo. Ukifukia maji hapa, unayachimbia mahali pengine kwenye kiwanja chako, unapanda mimea ya asili ya huko, na baada ya misimu miwili mkaguzi anakuja kuona kama pameota kweli au umechimba shimo la tope. Mpaka siku hiyo, chumba kilikuwa na kibali cha muda tu. Kinamasi kikikataliwa, kibali kinakufa, na mama, Bi. Idalina, uzee wote ule, anafungashwa kwenda Florida kwa kaka Norberto, kwa yule mkewe asiyetaka hata kusikia harufu ya kitunguu saumu.

Tangu mbu waanze, Deolinda alikuwa akikichungulia kinamasi kutoka dirisha la jikoni. Akiona kijani, anaridhika. Sasa alikuwa amesimama mbele ya kijani chenyewe: majani mapana kama sinia, kona nzima ya chini.

"Mama, hii nini?"

Bi. Idalina alikuwa barazani kwake, anafunga kilemba cheusi. "Umesahau gimbi? Umezaliwa kule kwetu Furnas wewe, au nilikuokota njiani?"

"Na ndago zilizokuwa hapa?"

"Magugu yale? Nimeyang'oa tangu mwezi wa tano. Udongo mzuri, maji ya bure, halafu mtu anaotesha nyasi. Mgeni akipita nifiche wapi uso wangu?"

"Mama, mkaguzi anakuja leo kuyahesabu hayo magugu."

"Najua anakuja. Ndiyo maana nimewaita kina Odete."

Na kweli walikuja, wanawake wa parokia nzima, kila mmoja na sahani yake. Jikoni pakajaa mkate mtamu wa mayai, soseji, na maneno. Odete, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikwisha watangazia wenzake kwamba mkaguzi huyo aliwahi kumfanya bwana mmoja afukue bwawa lake la kuogelea. Mwingine akasema si bwawa, ni gereji, tena na gari ndani. Deolinda alitaka kukimbia na jembe akang'oe, lakini kona tupu yenye udongo mbichi ingesema mengi kuliko magimbi. Alipokuwa bado anapima lipi ni baya zaidi, kengele ya mlango ikalia.

Mkaguzi, Bi. Whitcomb, alikuwa mwanamke mrefu, mpole, na viatu vya mpira vilivyompanda hadi mapajani. Alikataa mkate. Haruhusiwi, alisema, kula kwa mtu anayemkagua.

"Hata kahawa hanywi," Odete alinong'ona kwa Kireno, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. "Mtu wa hivyo hana moyo."

Deolinda na mkaguzi wakateremka wawili. Bi. Whitcomb alizungusha chuma chake ardhini, akatoa udongo, akautandaza kiganjani. Wa kijivu, wenye madoa ya kutu, kama udongo uliokaa majini. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akalaza fremu yake ya mabomba ya plastiki, akachuchumaa kuhesabu ndago zilizo ndani yake, akaihamisha, akahesabu tena. Kila alipoandika alama nzuri, Deolinda alitupia jicho kule chini, maana kila hatua ilikuwa ya kuelekea kona ile.

Bi. Whitcomb aliinua macho. "Naona mishale ya maji imeshika kule chini. Mlikuwa mmepanda michache tu, sivyo?"

Mshale wa maji ni mmea wa huko huko, majani yake hayatofautiani sana na ya gimbi ukiyaona kwa umbali. Njia ya kuokoka ikamjia Deolinda bila kuitwa.

"Ndiyo," alisema. "Imezaana sana."

Mkaguzi akaenda. Akashika jani moja, akaligeuza, akakifuata kikonyo kwa kidole. Huko juu madirisha yote ya jikoni yalikuwa yamejaa vichwa.

"Mshale wa maji, kikonyo kinashika pale jani linapogawanyika," alisema polepole. "Hiki kimeshika katikati ya jani. Bi. Furtado, hii ni nini?"

"Magimbi," Deolinda alisema. "Nimepanda mimi. Mama yangu hahusiki, ana umri mkubwa, hata huku chini hafiki."

"Muongo huyo," ilisema sauti nyuma yao, kwa Kiingereza cha kuungaunga. Bi. Idalina alikuwa kasimama tope limemfika kwenye vifundo, gauni kalishika kwa mkono mmoja. "Hawezi kuotesha hata kitunguu. Ni yangu haya."

Bi. Whitcomb alimtazama bibi, akamtazama binti.

"Sehemu nyingine zote zimefaulu," alisema mwishoni. "Hii nitaiandika kama ilivyo. Magimbi yatoke, ndago zirudi, na nitaiomba kamati ya mji iongeze muda wa kibali cha chumba msimu mmoja. Nadhani watakubali. Lakini, Bi. Furtado, nilikuuliza kuhusu mishale ya maji, na ukanijibu ndiyo. Hilo pia watalisikia."

Deolinda aliitikia kwa kichwa.

"Anasemaje?" Bi. Idalina aliuliza. Kiingereza chake kilikuwa kimeishia pale.

"Anasema utalala chumbani kwako. Msimu mmoja. Pengine."

"Na magimbi?"

"Yanatoka leo."

Bi. Idalina akainama, akashika mashina kwa mikono miwili, akavuta. Kikatoka kiazi kidogo, kama ngumi ya mtoto mchanga. Alikifuta tope kwa pindo la gauni, akakitazama kwa uchungu.

"Hayajakomaa," alisema. "Deolinda, mwite Odete aje na vikapu. Na wewe usisimame tu, shika upande ule."

Deolinda akaingia kwenye tope na viatu vyake vya nyumbani. Bi. Whitcomb alikuwa amekwisha wageuzia mgongo, anaandika, na huo mstari aliokuwa akiuandika ulikuwa mrefu.