Besi ya Mzee Yoramu

Kwetu Mwika, mteremkoni Kilimanjaro, hakuna kitu kilichonyooka. Ukiangusha chungwa jikoni, utalifuata mpaka kwa jirani. Na nyumba ya mama mkwe wangu ndiyo imezidi, maana baba mkwe, Mzee Yoramu, Mungu amrehemu, aliijenga mwenyewe kwa haraka, kama alivyofanya kila kitu. Hata kwenye kwaya ya usharika, alikoimba besi, alikuwa akianza kabla mwalimu hajashusha mkono. Sakafu ya nyumba yake ni ya mbao, na mbao zenyewe zinacheza. Mtu akikohoa sebuleni, vikombe vinagongana kabatini.

Ndani ya nyumba hiyo mume wangu Elisaria akaamua kuweka mashine ya santuri.

Nisiseme uongo, mashine ilikuwa nzuri. Aliipata Kiboriloni kwenye mitumba, miaka ile vitu vya nje vilipomwagika sokoni mpaka watu wakawa wanauza vitu wasivyojua kazi yake. Muuzaji alikuwa amepanga vitunguu juu ya sahani yake, anaizungusha ili wateja waone pande zote. Tangu siku hiyo sikuwa na mume. Aliipangusa kwa pamba, akaupima uzito mkono wake unaobeba sindano, akaagiza sindano mpya kutoka Nairobi, moja tu, ndogo kuliko punje ya ulezi. Kisha akanikataza kufagia wakati inazunguka. Mimi! Kufagia!

Nilivumilia kwa sababu moja. Zamani, Mzee Yoramu akiwa kijana, kwaya yao ilirekodiwa kwenye santuri, nayo ipo mpaka leo, na humo ana mahali anapoimba peke yake. Wimbo ni wa bustani ya Edeni. Wenzake wanaimba jinsi Adamu anavyojificha, halafu wote wananyamaza, naye anaingia na sauti ya Mungu: "Uko wapi?" Sasa siku moja tukichambua maharage, mama mkwe, Mama Ndelilio, aliniambia, "Aikaeli, sura yake ninayo. Sauti ndiyo imenitoka. Naitafuta siipati." Akaendelea kuchambua. Aliyelia ni mimi. Elisaria alipopata habari akamwahidi mama yake kwamba Krismasi ile atamsikia.

Kumbe tatizo lilikuwa mama mwenyewe. Kila wimbo ulipokaribia pale, furaha ilimpanda, akainuka kitini, mbao zikacheza, sindano ikaruka. Adamu anajificha, kraa! tunajikuta ubeti wa mwisho, Adamu ameshafukuzwa. Tukamsihi atulie. Akatulia mwili mzima isipokuwa mguu, na mguu ulitosha. Elisaria akabandika sarafu juu ya kichwa cha sindano kiwe kizito. Akaiweka mashine juu ya magunia ya kahawa, juu ya godoro, hata juu ya pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, ambayo ilikuwa inachacha, kwa hiyo ikaimba nayo. Sindano iliruka kote, na kila ikiruka inaikwaruza santuri.

"Ikikwaruzwa mara moja zaidi pale," akasema Elisaria, uso umemshuka, "sauti ya baba imekwisha."

Shemeji Shedrack, kaka yake mkubwa, akafika kutoka Dar kula Krismasi nyumbani, na redio mpya ya sidii yenye taa za kila rangi.

"Mdogo wangu, takataka hiyo ya nini? Itupe."

"Yako ina baba ndani?" nikamuuliza. Akazima taa za redio yake.

Siku ya Krismasi, tumetoka kanisani, namwona Elisaria anazunguka kihamba kizima, shamba letu la nyumbani, na pima maji ya fundi ujenzi. Anaiweka juu ya ukuta wa zizi, anatikisa kichwa. Jiwe la kufulia, anatikisa kichwa. Akafika migombani, kwenye kaburi la baba yake, akaiweka. Kile kiputo cha hewa kikaenda katikati na kukaa. Elisaria akapiga magoti.

"Baba Gladys," nikamwambia, "hilo ni kaburi la mkwe wangu."

"Liko sawa! Halijainama hata unywele!"

Lingekosaje kuwa sawa? Mzee alipofariki, Mama Ndelilio alimsimamia fundi mwenyewe. "Mume wangu amelala maisha yote kwenye kitanda kinachomteremsha," alimwambia. "Sasa atalala sawasawa." Likamwagwa zege nene, vigae juu. Mwika nzima hakuna kitu kilichotulia kama kile.

Shedrack akapaza sauti kwamba kaburi la baba si meza. Tukamgeukia mama. 

"Yoramu hakuwahi kukataa kazi," akasema. "Mwekeeni."

Tukapitisha waya dirishani, tukasimamisha spika mbili, moja kila upande wa msalaba, mama tukamkalisha kwenye kigoda. Elisaria akashusha sindano. Kwaya ikaanza. Adamu akajificha. Mama akainuka, nami nikafumba macho nisione. Sindano haikuruka.

"UKO WAPI?" akanguruma Mzee Yoramu, mapema kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Niko hapa!" akajibu mtu migombani.

Alikuwa Kornel, jirani yetu wa chini, anarudi zake kutoka misa na suti yake. Amepiga magoti kwenye matope, ameshika jani la isale, lile ambalo kwetu mtu hulileta anapoomba radhi. Alikuwa amelichuma pale pale mpakani.

"Yoramu, nisamehe! Ulipozikwa tu niliyang'oa masale ya mpaka, nikayasogeza upande wako. Migomba mitatu tu!"

"UKO WAPI?" besi ikarudia.

"Sita! Sita, Yoramu! Nitairudisha yote!"

Mimi nilikaa chini kwa kicheko. Shedrack alijishikilia kwenye mgomba, machozi yanamtoka. Asiyecheka alikuwa mama peke yake.

"Kornel, nyamaza," akasema. "Mume wangu anaongea. Elisaria, irudishe."

Elisaria akainua sindano, akairudisha taratibu. Kornel akalishusha jani lake. Mama akasogea, akaweka kiganja juu ya kigae, kando ya sahani inayozunguka, akainamisha sikio.

"Uko wapi?"

"Niko hapa, Baba Shedrack," akasema mama. "Nakuja. Usianze na haraka zako. Ngoja kwanza nichukue migomba yetu kwa Kornel."