Ndege ya Hachim Juu ya Patsy

Hachim alikuwa fundi redio wa Moroni, mji mkuu wa Komoro, lakini mkewe Zouhoura alikuwa na nyumba yake Patsy, kisiwani Nzwani, juu ya mji wa Mutsamudu, na humo ndimo alimofichwa kaka wa Zouhoura, Inzoudine, mwalimu aliyesambaza karatasi za kuwapinga mamluki wa Kizungu walioishika nchi. Miezi minne Inzoudine hakuona jua ila kwa ufa wa dirisha. Mgeni akibisha hodi, Inzoudine hujitanda shiromani, lile shuka jekundu la wanawake wa Nzwani, akaketi jikoni na mashangazi.

"Dada yangu huyu," Zouhoura alimtania, "na ndevu hizi ataolewa na nani?"

Siku moja Hachim alikuja na ndege ndogo aliyoletewa kutoka Marseille, ya kuongozwa kwa redio.

"Kule ufukweni Itsandra niliifunga maboya, ikatua majini. Leo ina magurudumu. Nikizima injini, huelea kama kipanga. Chungulia ufani, shemeji. Usitoke."

Aliirushia kwenye kiwanja cha mteremkoni, juu ya ua wa nyumba. Kidole kiligusa tu, ndege ikatii: ikapinduka, ikalala chali, ikapaa tena. Hachim alihisi ni yeye aliyeiacha ardhi.

Gari likasimama. Mamluki mmoja wa Kizungu akashuka na askari wawili.

"Endelea!" akasema kwa Kifaransa.

Hachim aliogopa kwamba akiishusha, watageuka kutazama ua. Na kusema kweli, alitaka sifa kidogo. Akazima injini.

Ndani, Inzoudine aliposikia kimya alidhani imeanguka. Akajitanda, akatoka. Wanawake uani walikwisha kufunika nyuso kwa ajili ya wanaume wale wageni. Yeye peke yake aliinua uso. Ndege ikampitia juu ya kichwa, taratibu, nyeupe. Akacheka, akapiga makofi, na shiromani aliyoiachia ikamteleza hadi mabegani.

Mzungu naye alicheka. Halafu akaziona ndevu.

Hachim aliielekeza ndege kifuani mwa Mzungu. Bawa lilivunjika. Inzoudine alikimbia, akafika kwenye mikarafuu. Zikalia risasi mbili, naye akaanguka hapo hapo.

Hachim walimshusha Mutsamudu, wakamvunja vidole kwa kitako cha bunduki, wakamwachia baada ya wiki. Zouhoura alimfunga bandeji bila kumtazama.

"Ulimwambia asitoke?"

"Nilimwambia."

"Sasa ulikuwa unamwonyesha nini?"

"Alikuwa anacheka, Zouhoura."

Akakaza fundo la mwisho kwa nguvu, mpaka Hachim akapiga kelele, na hakulilegeza.