Doa la Mita Mia Tatu na Themanini

Saa tano kamili asubuhi, doa nililolifuta kwa mkono wangu mwenyewe lilirudi kwenye kioo cha kompyuta. Lilikuwa jekundu, dogo kama kifungo cha shati, na lilikaa mita mia tatu na themanini chini ya ardhi. Juu yake, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka ofisini, mdogo wangu alikuwa anaongoza mtambo wa kuchimba. Kwenye kioo cha pili tarakimu za kina zilikuwa zinapanda: mia tatu sitini na nane.

Kazi yangu ilikuwa kusoma mwangwi. Magari mazito huitikisa ardhi, mtikisiko ukashuka, ukagonga mwamba, ukarudi juu kwenye vinasa vilivyotandazwa kwa mistari. Kila mwangwi una sifa zake: nguvu, unene wa sauti, jinsi unavyofanana na wa jirani yake. Daktari agongaye mgongo wa mgonjwa kwa vidole ananielewa. Hukuti mwamba wenyewe, unakuta jibu lake, na jibu hilo ukilisoma vibaya halikusahihishi.

Ile mistari ya vinasa huacha michirizi kwenye picha za tabaka za juu, na mkuu wetu wa idara hakuivumilia. Tulimwita Bwana Pasi. Alipenda ramani iliyonyooka kama shuka la hoteli, na sisi tukazoea kuiita kazi ya kulainisha picha "kupiga pasi". Miezi minne nyuma nilikuwa nimeipiga pasi picha ya eneo lile hadi ikang'aa. Doa lilikuwa limekaa juu ya mchirizi, nami nikaliona ni sehemu ya mchirizi. Likaenda na wenzake. Bwana Pasi aliitundika ramani ukutani, akasema mbele ya watu wote kwamba hivyo ndivyo kazi inavyofanywa. Nilivimba kichwa, sikatai.

Asubuhi ile nilifungua picha ya kwanza, isiyolainishwa, kwa sababu ya shughuli nyingine kabisa. Nikaona kwamba chini ya doa tabaka zote zilikuwa zimebonyea kidogo, moja baada ya nyingine, mpaka ndani sana. Mchirizi hukaa juu, ukishuka unafifia. Haubonyezi mwamba wa chini yake. Gesi ndiyo inayofanya hivyo, kwa kuwa mtikisiko ukipita ndani yake huchelewa, na kila kilicho chini kinaonekana kimezama.

Nilijua. Naomba hili lieleweke, maana ndilo lililonikaa kooni miaka yote hii: saa tano kamili nilijua.

Mtambo ulikuwa unakula mita moja kwa dakika. Nikaiangalia picha tena. Nikabadili rangi, nikidhani nyekundu inanidanganya, nayo ikawa bluu na ikabaki pale pale. Nikainuka nikaenda kunawa mikono, na mikono yangu haikuwa michafu. Kwenye kioo cha msalani nilijaribu sentensi tatu za kumwambia Bwana Pasi, na katika zote tatu kosa lilikuwa la mtu mwingine. Niliporudi tarakimu zilisoma mia tatu sabini na saba. Ramani yangu bado ilikuwa ukutani, imenyooka.

Nilipopiga simu ilikuwa saa tano na dakika kumi na moja.

"Dada, niko kazini."

"Simamisha mtambo. Toa watu."

"Kuna nini tena?"

"Gesi. Iko chini yako hapo hapo."

"Si ramani yako ilisema pako safi?"

"Ramani nimeikosea mimi. Nakuomba, mdogo wangu."

Hakuuliza la pili. Nilimsikia akipiga kelele, kisha miguu mingi ikishuka ngazi za chuma. Simu aliiacha mezani bila kuikata. Halafu ukaja mlio kama wa sufuria kubwa iliyofunikwa, mvuke unapopata upenyo, ila huu haukukoma, ulikua. Niliishika simu kwa mikono miwili, nikimwita kwa jina la utotoni ambalo hata mama ameacha kulitumia.

Watu kumi na tisa walitoka wazima. Yeye alitoka wa mwisho, kwa sababu alirudi kuzima injini zisije zikatoa cheche. Alisimama karibu na ule mlio wa gesi kwa muda wa kuzima injini tatu, na sikio lake la kushoto halijasikia kitu tangu siku hiyo.

Tume ya uchunguzi iliandika saa niliyopiga simu. Saa niliyoona hakuna aliyeiuliza. Nilipewa barua ya pongezi kwa kutoa tahadhari mapema, na mama akaitia kwenye fremu. Mama huyo huyo aliyetulea kwa kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Mdogo wangu naye akawa ananitambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye dada aliyeniokoa." Mimi nikawa nacheka na kuomba chumvi.

Kwa miaka sita, kila Jumapili kwa mama, nilikuwa nakaa kushoto kwa mdogo wangu. Nilimwambia yote kwa sauti ya chini upande ule, si mara moja, huku anatafuna na kutazama mpira. Nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi mpaka Jumatatu. Nilijionea aibu, na bado nilirudia.

Jumapili moja nilibeba kiti changu nikakizungusha, nikakiweka kulia kwake. Mama alikuwa jikoni.

"Leo umehama," mdogo wangu alisema.

"Nimehama. Siku ile nilikupigia saa tano na dakika kumi na moja. Doa nililiona saa tano kamili."

Akaweka kikombe chini. Alikuwa mchimbaji, hesabu ya mita kwa dakika hakuhitaji kufanyiwa. Niliona midomo yake ikitembea kidogo, kisha ikatulia. Akazima televisheni.

"Dakika kumi na moja," alisema. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilinawa mikono," nikamjibu.

Hakuondoka. Aligeuza kichwa, akaniletea sikio linalosikia, akasubiri niendelee.